Ndege wa dukani akiugua Mwanza: umrudishe, umpe dawa za kuku, au umpeleke kwa daktari?

Ukinunua njiwa, kware, kuku wa urembo au kasuku mdogo kwenye vibanda vya hapa Mwanza, siku ya kwanza utamwona mchangamfu. Taabu huja siku ya tatu au ya nne. Amejikunyata chini ya tundu, manyoya yamefura, anafumba macho mchana kweupe, na kinyesi kimegeuka maji ya kijani. Ukiulizia majirani, kila mmoja ana jibu lake. Wa kwanza atasema mrudishe ulikomtoa. Wa pili atakuelekeza duka la dawa za mifugo. Wa tatu atakushauri uchinje upesi kabla hajawa kibudu. Wachache sana watamtaja daktari wa mifugo, maana wengi wetu tumezoea kumhesabu daktari huyo kuwa ni wa ng'ombe.

Hapa nazilinganisha njia hizo ili uchague ukiwa unajua unachokichagua. Msimamo wangu nautaja mapema: mimi naitetea njia ya daktari, hata kwa ndege wa bei ndogo, na naitetea kwa ajili ya mfuko wako na kwa ajili ya ndege mwenyewe. Hata hivyo zipo hali ambazo duka la dawa linatosha, na zipo ambazo hakuna dawa yoyote itakayosaidia. Kuzitofautisha ndiyo kazi kubwa.

Kabla hujachagua lolote

Ndege huficha ugonjwa. Porini anayeonekana dhaifu ndiye wa kwanza kuliwa, kwa hiyo hujikaza mpaka nguvu zimwishie. Unapomwona amejikunyata, ugonjwa una siku kadhaa tayari, na muda uliobaki ni mfupi. Kasuku mdogo wa Australia, yule wa kijani na njano anayeuzwa wawili wawili, ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. Mwili huo hauna akiba. Asipokula siku nzima, njaa inaweza kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo fanya kwanza yale ambayo kila njia inayahitaji. Mtenge na wenzake. Mweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa, utandike kitambaa, na upande mmoja uweke chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo. Joto la nyuzi 30 hivi linamfaa, ila awe na nafasi ya kusogea pembeni likimzidi. Usidanganywe na jua la mchana: usiku upepo wa ziwani unaingia hadi ndani, hasa nyumba za Kirumba, Kitangiri na zile za mlimani ambazo madirisha yake yanatazama maji. Sogeza chakula na maji karibu na mdomo wake. Usimnyweshe kwa nguvu, maji yakiingia kwenye njia ya hewa yatamuua.

Boksi hilo lisikae jikoni. Mapafu ya ndege yameunganishwa na mifuko ya hewa iliyotandaa mwilini, hivyo moshi wa mkaa unamchoma haraka kuliko unavyokuchoma wewe. Kikaango cha kisasa kisichogandisha chakula kikiachwa motoni mpaka kiungue, hewa yake inaweza kuua kasuku wa nyumba nzima kwa muda mfupi.

Ukimaliza hayo, hudumia ndege wazima kwanza, mgonjwa wa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni. Sasa tuziangalie njia.

Kumrudisha kwa muuzaji

Njia hii inavutia kwa sababu ya haki: nimelipa pesa, nimepewa mgonjwa. Mara nyingi lawama hiyo ina msingi. Kideri, ambao wengine wanauita mdondo, huchukua siku 2 hadi 15 tangu ndege aambukizwe mpaka dalili zionekane, na kwa kawaida ni siku 5 au 6. Ndege aliyeonyesha dalili za kideri siku ya tatu huenda alitoka nao kule kule. Lakini kuhara damu kwa kuku huchukua siku 4 hadi 7, kwa hiyo dalili zikitokea wiki ya pili, huenda aliokota vijidudu kwenye sakafu ya banda lako. Tarehe ya kununua na tarehe ya dalili ya kwanza ziandike. Zitakusaidia kwa muuzaji na kwa daktari vilevile.

Kisheria kisu chako si butu kabisa. Sheria ya mauziano ya bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inamtaka anayeuza bidhaa kama biashara yake auze kitu kilicho katika hali ya kufaa kuuzwa. Sheria hiyohiyo inakugeukia pale unapokuwa umekikagua kitu mwenyewe: kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona, umeikubali. Ndiyo maana ni vizuri kumshika ndege mkononi na kumtazama sehemu ya kutolea kinyesi kabla hujatoa pesa. Kwa uhalisia, kwenye kibanda kisicho na risiti, mambo huamuliwa kwa maelewano tu.

Sasa ndege mwenyewe anafaidika nini? Hapa ndipo njia hii inaponiumiza moyo. Akirudi kibandani, anarudishwa kwenye tundu lililojaa ndege wengine, juani au kwenye upepo, na aghalabu hakuna mtu wa kumtibu. Anaambukiza walio wazima, nao watabebwa na wanunuzi wengine hadi Buhongwa, Igoma, Magu na Sengerema. Ukipewa mwingine badala yake, huyo naye ametoka kwenye tundu lilelile. Umebadilishana mgonjwa anayeonekana kwa mgonjwa ambaye bado hajaonekana.

Ushauri wangu ni huu: nenda kwa muuzaji, lakini ndege umwache nyumbani. Nenda na picha kwenye simu. Ukimkuta mzee wa makamo, mwamkie kwanza, kisha uulize bila ugomvi: “Shikamoo mzee. Yule njiwa niliyemchukua kwako Jumamosi anaharisha na hataki kula. Wenzake waliobaki wako salama? Walitoka wapi, na uliwapa dawa au chanjo gani?” Majibu hayo yana thamani kuliko pesa utakayorudishiwa. Akikuambia wengine watatu wamekufa wakiwa wamepinda shingo, daktari ameshapata nusu ya jibu. Na kama muuzaji ni mwungwana, atachangia gharama ya matibabu. Wapo wa aina hiyo.

Dawa kutoka duka la mifugo

Hii ndiyo njia ya wengi, na siidharau. Mwanza ni mji wa wafugaji. Maduka ya dawa za mifugo yapo mengi, wauzaji wake wengine wamesoma vyuo vya mifugo, na ukieleza dalili vizuri unaweza kusaidiwa kwa pesa kidogo. Kwa mfugaji wa kuku mwenye dalili zilizo wazi, njia hii ina nafasi yake.

Udhaifu wake ni kubahatisha. Kuhara kwa kijani kunaweza kuwa kideri, homa ya matumbo ya kuku, homa ya kasuku, au njaa tu, kwa sababu ndege asiyekula hutoa kinyesi cha kijani. Mteja akitaja kuhara, mara nyingi anaondoka na pakiti ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini. Ikiwa ni kideri, dawa hiyo haigusi kirusi. Ikiwa ni kuhara damu, inahitajika dawa ya aina nyingine kabisa. Ikiwa ni minyoo, ni nyingine tena. Unamaliza siku tatu au tano za dozi, ndege hajapata nafuu, na sasa yuko hoi kiasi kwamba daktari hana cha kuokoa. Ukijumlisha pakiti mbili tatu za kubahatisha, mara nyingi ungeweza kulipia uchunguzi.

Tatizo la pili ni vipimo. Dawa hizi zimepangwa kwa kuku na huchanganywa kwenye maji ya kunywa. Kuku wa mayai wa kilo 1.8 hunywa robo lita hivi kwa siku. Kasuku mdogo wa gramu 35, ambaye asili yake ni nyika kavu za Australia, hunywa kama mililita 2. Ukipiga hesabu kwa kila gramu ya mwili, kasuku anapata chini ya nusu ya dawa anayopata kuku kutoka kwenye maji yaleyale, na hapo ni akiwa mzima. Akiugua anapunguza kunywa. Maji yakiwa machungu au yamebadilika rangi, anaweza kuacha kabisa. Mwenye ndege akiona hivyo huongeza unga maradufu, jambo linalofanya maji yazidi kuwa machungu.

Kuna pia dawa zinazopingana na vitu tunavyovitoa kwa nia njema. Dawa za jamii ya tetrasaiklini, oksitetrasaiklini ikiwemo, hunasa kwenye kalisi, hivyo maganda ya mayai, chokaa au mfupa wa ngisi kwenye tundu hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Amproliamu, inayotumika kwa kuhara damu, hufanya kazi kwa kuwanyima vijidudu vitamini B1. Ukimpa ndege amproliamu pamoja na mchanganyiko wa vitamini wenye B1, umewapelekea vijidudu chakula walichonyimwa. Maduka mengi huuza vyote viwili kwa mkupuo mmoja, dawa na vitamini, na mteja anavichanganya kwenye kopo moja. Vitamini zisubiri dozi iishe.

Tena usisahau mayai na nyama. Kila pakiti ya dawa ya kuku inaeleza siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama ya ndege aliyetibiwa. Siku hizo ziheshimu. Antibiotiki inayotumika ovyo bandani huzalisha vijidudu sugu, na vijidudu hivyo havibaki bandani.

Mitishamba naigusa kwa ufupi. Majivu makavu ya kujigaragazia ni mazuri kwa chawa na utitiri wa kuku. Shubiri mwitu, mwarobaini na pilipili kwenye maji ni desturi ya miaka mingi, na kuku mkubwa huyavumilia. Kwa kasuku na kware siyashauri hata kidogo: maji machungu yanamkatisha kunywa ndege ambaye uhai wake wa siku hiyo uko kwenye kunywa. Kitunguu pia usimpe, kinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake. Na parachichi ni sumu kwa kasuku, hata awe mzima.

Daktari wa mifugo na maabara

Pingamizi ninalolisikia sana ni hili: ndege wa elfu chache, kwa nini nimlipe daktari zaidi ya bei ya ndege? Ninalielewa, na kwa familia inayohesabu kila shilingi si pingamizi la kupuuza. Lakini hesabu yake haihusu ndege mmoja. Ukiwa na kuku kumi na wawili uani na umeleta njiwa mmoja mgonjwa, unachokilinda ni wale kumi na wawili. Kideri kikiingia kwenye kundi ambalo halijachanjwa kinaweza kuua karibu wote.

Halafu uchunguzi wa ndege mara nyingi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kinyesi kibichi chini ya hadubini kinaonyesha mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara damu. Ute wa kooni unaonyesha vijidudu vya kinywa cha njiwa. Mtaalamu anayejua hadubini anaweza kukupa jibu siku hiyohiyo, na jibu hilo linakuokoa kununua dawa tatu ili moja iwe ya kweli.

Pa kuanzia ni kwa afisa mifugo wa kata yako, awe wa Nyamagana au Ilemela. Yupo kwa ajili hiyo, na wengi hawajui hata jina lake. Daktari binafsi naye yupo, ila uliza mambo mawili: amesajiliwa na Baraza la Veterinari, lililo chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003? Na je, ametibu ndege wadogo? Kuwa mkweli na wewe mwenyewe hapa. Madaktari wengi wa Kanda ya Ziwa uzoefu wao ni ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa sababu ndiyo mifugo iliyopo. Aliyetibu kuku elfu anaweza kumsaidia njiwa na kware bila shida. Kasuku ni kazi nyingine: dawa huhesabiwa kwa gramu za uzito na mara nyingi hutolewa tone kwa tone mdomoni. Daktari mzuri ambaye hajawahi kumtibu kasuku atakuambia hivyo na atampigia mwenzake simu. Ukimpata wa namna hiyo, mshike. Anayeandika dozi bila kumpima uzito ndege wa gramu 40, huyo niwie radhi, tafuta mwingine.

Mizani ya gramu inapatikana mjini kwetu bila tabu, ni ileile midogo ya wanunuzi wa dhahabu. Mpime ndege kila asubuhi kabla hajala na uandike. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, hali ni mbaya hata kama manyoya yanamfanya aonekane mnene.

Kisha kuna maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una kituo hapa Mwanza, na ndiko kunakojibu swali gumu: ndege wameanza kufa, wanakufa na nini? Mzoga unasema mengi, lakini uwe haujaharibika. Uupoze kwa barafu, usiugandishe, kwa kuwa kugandisha huharibu nyama za ndani ambazo mchunguzi anataka kuzitazama. Uweke kwenye chombo chenye mfuniko, chombo kiingie ndani ya kingine, na uufikishe siku hiyohiyo au kesho yake. Barafu haiwezi kukushinda katika mji ambao soko la samaki la Kirumba Mwaloni liko hatua chache. Piga simu kwanza, au mwombe afisa mifugo akuongoze, ili sampuli ipokewe vizuri na ujue gharama kabla hujatoka nyumbani.

Vifo vya ghafla vya ndege wengi kwa pamoja havina hiari ya kuchagua njia. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inataka magonjwa makubwa yatolewe taarifa, na homa ya mafua ya ndege ni mojawapo. Hapo usiguse mizoga kwa mikono mitupu, usiuze waliobaki, mwite afisa mifugo.

Kisu, na kumfungulia mlango aende

Kuchinja ndege mgonjwa ili asipotee bure ni jambo la kawaida uswahilini, na sababu yake ni umaskini, siwezi kumcheka mtu kwa hilo. Lakini unapomnyonyoa ndege mwenye kideri, manyoya, damu na matumbo yake vinasambaza kirusi uani kote, na kuku wa jirani wanakuja kudonoa. Ukiwa umempa dawa jana, unakula dawa. Ndege aliyeugua kwa namna usiyoifahamu azikwe kwenye shimo refu au achomwe moto.

Kumfungulia aruke nako kunaonekana ni huruma. Kasuku wa Australia hawezi kuishi huku peke yake, na ndege mgonjwa anayeachiwa Capri Point au karibu na Kisiwa cha Saanane anapeleka ugonjwa kwa ndege wa porini waliokuwa wazima. Kama mateso yake hayana tiba, daktari anaweza kumpumzisha bila maumivu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamlinda hata ndege wa shilingi chache dhidi ya mateso yasiyo ya lazima.

Njia ipi kwa ndege yupi

Kwa kuku, duka la dawa linatosha kwa chawa, minyoo, na vidonda vya ndui visivyozidi usoni. Kuharisha damu kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6 nako kunaweza kuanzia dukani, ilimradi upewe dawa ya kuhara damu yenyewe na uiache ifanye kazi. Akipinda shingo, akilegeza mabawa, na mwingine akafa asubuhi yake, acha kununua dawa. Kideri hakina tiba. Fedha zako ziende kwenye chanjo ya watakaobaki: chanjo ya TVLA inayostahimili joto, TEMEVAC, hudondoshwa tone moja jichoni na hurudiwa kila miezi mitatu. Chanjo hiyo haimponyi aliyekwisha ugua.

Njiwa mfungue mdomo. Ukiona utando wa njano kama jibini kooni na harufu mbaya, huyo ana ugonjwa wa vijidudu unaotibika vizuri, lakini kwa dawa mahususi na si antibiotiki ya kawaida. Wazazi huwaambukiza makinda kupitia maziwa ya njiwa wanayowatapikia, kwa hiyo anatibiwa yeye na mwenza wake. Huyu mpeleke kwa daktari, atapona haraka. Njiwa anayezungusha kichwa na kudonoa pembeni ya punje yuko kwenye kundi jingine: kirusi ndugu wa kideri. Dawa hakuna, ila baadhi ya njiwa hupona wakilishwa kwa mkono na kutulizwa kwa wiki kadhaa. Usiwachinje kwa haraka. Watenge tu mbali na kuku, kwa kuwa kirusi hicho kinaweza kuwahamia.

Kasuku wa aina yoyote, daktari siku ya kwanza. Hapa sina njia ya kati. Mwili ni mdogo, muda ni mfupi, na kuna ugonjwa mmoja unaokuhusu wewe pia: homa ya kasuku, iletwayo na bakteria Chlamydia psittaci. Mwaka 1929 na 1930 ilisambaa nchi nyingi duniani pamoja na kasuku waliokuwa wakiuzwa kama ndege wa nyumbani, na watu wakafa. Binadamu huipata kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu, na siku 5 hadi 14 baadaye hupata homa, kichwa kuuma sana na kikohozi kikavu. Kwetu homa ya namna hiyo huitwa malaria au taifodi kabla ya kitu kingine chochote. Kipimo cha malaria kikitoka safi, mwambie daktari wa hospitali ya Bugando, Sekou Toure au zahanati yako kwamba nyumbani kuna kasuku mgonjwa. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha matibabu yako, kwani ugonjwa huu unatibika kwa doksisaiklini. Ndege mwenyewe hutibiwa kwa siku 45, muda ambao hakuna pakiti ya kubahatisha inayoufikia. Tundu lisafishwe likiwa limeloweshwa, kamwe usifagie kinyesi kikavu.

Kuna swali moja la kasuku ambalo muuzaji hatalipenda: je, alinaswa porini? Cherero wa Fischer, yule wa kijani mwenye uso wa rangi ya machungwa na duara jeupe kuzunguka jicho, ni wa kwetu. Makao yake ya asili ni kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini mashariki mwa Ziwa Victoria, usukumani kwenyewe. Alikamatwa kwa wingi mno kwa ajili ya biashara ya nje, hasa miaka ya 1980, na leo anahesabiwa kuwa karibu na hatari ya kutoweka. Aliyefugwa tangu kuzaliwa aghalabu huwa na pete nzima mguuni, isiyo na maungio, iliyovishwa angali kinda. Asiye na pete, anayejigonga kwenye nondo za tundu kila mtu anaposogea, huenda alinaswa kwa wavu wiki iliyopita. Kumkamata au kumweka bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ndege wa aina hiyo akiugua mkononi mwako, piga hatua moja ya ziada: wajulishe TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, au ofisi ya maliasili. Ana haki ya kutibiwa na watu wanaoweza pia kuamua kama atarudi porini.

Utakapotaka mwingine

Kibanda cha sokoni kina bei nafuu na uchaguzi mpana, lakini kinachanganya ndege waliotoka sehemu tofauti, kuku juu ya njiwa, njiwa juu ya kware, kinyesi kikidondokea chini. Mfugaji wa nyumbani ana ndege wachache na bei yake iko juu kidogo, ila unawaona wazazi, unaona wanakolala na unaweza kuuliza chanjo ilitolewa lini. Mimi ningelipa hiyo nyongeza. Ukienda kwa mfugaji, nenda asubuhi kabla hajafagia, utazame kinyesi cha usiku.

Tundu la aliyekufa lisugue kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, ndipo upake dawa ya kuua vijidudu, maana dawa hiyo haifanyi kazi juu ya kinyesi kilichoganda. Lianike juani siku kadhaa. Ndege mpya akae peke yake siku 30, chumba kingine na walio wazima, na ndani ya wiki ya kwanza chukua kinyesi chake kibichi kwenye kikopo kisafi umpelekee mtaalamu mwenye hadubini, akiwa bado anaruka na kula vizuri.